Mbegu isiyo na shahidi

Jumamosi iliyopita mke wangu alinituma sokoni kununua vitu viwili tu: mchele kilo tano na maharage ya njano kilo mbili. Tulikuwa tunategemea wageni. Nikaenda kwa mama mmoja ambaye nimezoea kununua kwake. Mbele yake palikuwa na magunia sita ya mchele yamefunguliwa midomo, na kila gunia lilichomekewa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene. Magunia manne kati ya hayo sita yaliandikwa neno moja: KYELA.

Nikamwuliza, "Mama, hii yote ni Kyela?"

"Yote Kyela, baba."

"Mbona huu punje zake fupi na ule ndefu?"

Akacheka. "Baba, Kyela ni kubwa."

Kijana wa meza ya pili akadakia, "Mzee, siku hizi hata watu wa Kyela wenyewe wanauliza Kyela ni upi."

Tukacheka wote watatu, nikalipa bei ya Kyela, nikaondoka. Nyumbani mchele ukapikwa. Wale wanaoujua mchele wa Kyela wanajua kwamba ukiwa jikoni, jirani anajua mnapika nini. Siku ile jirani hakujua kitu. Wageni walikula, wakashukuru kwa adabu. Walipokwisha kuondoka mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Hii ni Kyela ya wapi?"

Ndugu zangu, sikuleta habari hii ili nimseme yule mama. Yeye aliununua kwa mtu wa lori, mtu wa lori aliununua mashineni, na mwenye mashine alipokea mpunga wa wakulima wengi akaukoboa pamoja. Kila mmoja alipokea neno "Kyela" kutoka kwa aliyemtangulia, akalipitisha mbele. Mimi nilikuwa na mashaka, lakini sikuwa na shahidi. Na mtu mwenye mashaka bila shahidi hana kesi.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya shahidi huyo. Maana yuko. Wenzetu wameshamtumia, tena kwa mchele huohuo na kwa maharage hayohayo ya njano.

Tuanze na mchele. Uko mchele wa harufu uitwao Basmati, unaolimwa chini ya milima ya Himalaya, upande wa India na wa Pakistani. Huko Uingereza mchele huu unauzwa kwa bei ya juu kuliko mchele wa kawaida, na penye bei ya juu hapakosi vishawishi. Idara ya serikali inayosimamia viwango vya chakula ikachukua sampuli 363 za mchele uliokuwa ukiuzwa kwa jina la Basmati, ikazipima chembe zake za urithi. Matokeo yakatangazwa mwaka 2004. Sampuli zilizokuwa Basmati tupu zilikuwa asilimia 54 tu. Asilimia 17 ya sampuli zilichanganywa mchele mwingine kupita sehemu moja ya tano, na zilikuwamo ambazo mchele mwingine ulipita asilimia 60. Yaani mwenye nyumba yupo ndani, lakini wapangaji ni wengi kumshinda. Mwaka uliofuata, 2005, vyama vya wafanyabiashara wa mchele vikakubaliana kanuni: mchanganyiko usizidi asilimia 7, na aliyezidisha asiuite Basmati.

Mtasema, chembe za urithi zinapimwaje katika punje ya mchele iliyokwisha kukobolewa? Nitaeleza kama nilivyoelewa.

Kila kiumbe, mtu, mbuzi au mpunga, ana ndani ya mwili wake maandishi ya urithi aliyopewa na waliomzaa. Wataalamu huyaita vinasaba. Maandishi hayo yana herufi nne tu, lakini katika mpunga zimepangwa mpaka kufikia karibu milioni 400. Hakuna haja ya kuyasoma yote. Ni kama khanga. Ukipewa vipande viwili vya khanga ukaulizwa kama vimetoka jora moja, huwezi kukaa kuhesabu nyuzi. Utatazama pindo, utatazama mji, utasoma jina lililoandikwa. Vikifanana hapo, umejua.

Katika vinasaba nako pana mahali kama pindo. Wataalamu wanapaita alama. Kwa mfano, pako mahali ambapo herufi mbili au tatu hujirudiarudia: katika mbegu hii mara kumi, katika mbegu ile mara kumi na tano. Mtaalamu huchukua kipande cha jani, au punje yenyewe, akatoa vinasaba vyake, akavinakili kwa mashine pale panapotakiwa. Kisha huvipitisha vile vipande ndani ya kitu mfano wa jeli kwa nguvu ya umeme. Kipande kifupi hukimbia mbele, kirefu hubaki nyuma. Mwisho hupatikana picha ya mistari, na mistari hiyo ndiyo sahihi ya mbegu. Alama moja kufanana si hoja, kwani khanga zenye pindo jekundu ni nyingi. Lakini zikifanana alama nyingi kwa pamoja, hapo shahidi amesema.

Lakini shahidi huyu ana mipaka yake, na ni vizuri niiseme mapema. Mpaka wa kwanza ni kwamba anajua ukoo, hajui anwani. Mbegu ikitolewa Kyela ikaenda kupandwa Mbarali, vinasaba vyake ni vilevile. Kwa hiyo kama Kyela ni udongo na maji, mashine haitatusaidia. Hapo zinatakiwa karatasi na uaminifu tangu shambani mpaka dukani. Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi. Mistari ile haina maana mpaka uwe na mistari mingine ya kulinganisha nayo. Polisi wakiokota alama ya kidole mlangoni, haiwasaidii kitu kama hawana kidole cha kulinganisha. Uingereza iliweza kumpima Basmati kwa sababu huko anakotoka mbegu zake zinatambuliwa kwa majina na zimetunzwa. Sisi ya kwetu yameandikwa wapi?

Hapo ndipo nataka niende kwenye kitu cha pili katika kikapu changu, yaani maharage ya njano.

Mwaka 1994 mfanyabiashara wa mbegu wa jimbo la Colorado, Marekani, aitwaye Larry Proctor, alinunua mfuko wa maharage makavu nchini Mexico. Akachagua yale ya njano, akayapanda kwao, akavuna, akachagua tena, akapanda tena. Novemba 1996 akaomba hataza, yaani hati ya serikali inayosema kitu hiki kimevumbuliwa na fulani, na mwingine asikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Tarehe 13 Aprili 1999 akapewa hataza namba 5,894,079. Maharage akayapa jina la Enola. Alichodai, pamoja na mengine, ni rangi yenyewe: njano ya namna fulani, iliyopimwa kwa kitabu maalumu cha rangi.

Sasa fikirini. Kule Mexico maharage hayo ya njano ni chakula cha watu. Wanayaita Mayocoba, wanayaita Azufrado, maana yake yenye rangi ya salfa. Wakulima wa kaskazini mwa nchi ile walikuwa wakiyauza Marekani. Mara waagizaji wakapokea barua: kila ratili ya maharage ya njano mnayoingiza, lipeni senti 6 za dola. Wengine wakafikishwa mahakamani. Wanunuzi wakaogopa, soko likanywea. Mkulima aliyerithi mbegu kwa babu yake akaambiwa ni mali ya mtu aliyeinunua juzi kwa mfuko.

Nani angemtolea ushahidi? Mkulima aende Washington aseme, "Haya ni yetu, bibi yangu alikuwa akiyapika"? Angesikilizwa, kisha angeulizwa karatasi.

Bahati nzuri walikuwapo waliotunza. Huko Kolombia kipo kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto, kijulikanacho kwa jina la CIAT, chenye benki ya mbegu za maharage kutoka pande zote za dunia. Kila mbegu ina pakiti yake, namba yake, na maelezo ya mahali ilikookotwa. Wakafungua makabati, wakakuta maharage ya njano aina zipatazo 260. Sita kati ya hizo wakasema zinalingana sana na Enola. Desemba 2000 wakaiomba ofisi ya hataza ya Marekani iichunguze upya hati ile.

Wakati huohuo Profesa Paul Gepts na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis wakaichukua Enola, wakaipima alama 133 za vinasaba, wakailinganisha na maharage mengine. Walichokiona kilichapishwa mwaka 2004. Sahihi ya Enola ilikuwa sawasawa na ya maharage ya njano ya Mexico, ikiwamo mbegu iitwayo Azufrado Peruano 87. Wakasema kwamba kwa kila hesabu, Enola ilichaguliwa moja kwa moja kutoka katika mbegu ambayo tayari Mexico ilikuwa nayo.

Kesi nayo ikaenda kwa mwendo wa kesi. Aprili 2008 bodi ya rufaa ya ofisi ya hataza ikayakataa madai yale, na Julai 2009 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Nisiwadanganye kwamba ni vinasaba peke yake vilivyoshinda. Sheria iliangalia hasa kwamba kupanda maharage na kuchagua yaliyo mazuri ni kazi ambayo mtaalamu yeyote wa maharage angeifanya, si uvumbuzi. Lakini vinasaba viliondoa ubishi juu ya asili, na mbegu zilizotunzwa ndizo zilizokuwa mashahidi.

Hata hivyo, hesabuni wenyewe. Kutoka Aprili 1999 mpaka Julai 2009 ni zaidi ya miaka 10. Serikali, vituo vya utafiti na mawakili wanaweza kungoja miaka 10. Mkulima ana msimu mmoja.

Sasa turudi nyumbani. Nina jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Shangazi yangu, hayati, alikuwa akiishi Rungwe. Jikoni kwake, darini pale moshi unapopita, alikuwa akiweka vibuyu vya mbegu. Nilipokuwa mdogo alinionyesha maharage aina tisa. Kila aina aliita kwa jina lake. Hii huiva mapema, utaila wakati wa njaa. Hii havumilii mvua nyingi, usiipande bondeni. Hii hutoa mchuzi mzito, ni ya mama aliyejifungua. Hii usiiuze, ni ya kumpa binti anayeolewa. Mimi nilikuwa nikisikiliza huku nikifikiria mpira.

Shangazi alifariki mwaka 2011. Tukakaa kikao cha ukoo. Tukagawana khanga zake, tukagawana vyombo, shamba tukalizungumza siku mbili nzima nusura tugombane. Vibuyu hakuna aliyevizungumza. Watu wa matanga walikuwa wengi, chakula kilikuwa kimepungua. Akina mama wakaviteremsha, wakavimimina vyote katika sufuria moja. Nilikula nami. Tena nilisifu, nikasema maharage haya matamu.

Ndugu wasikilizaji, hapakuwa na mwizi pale. Hapakuwa na kampuni wala hataza. Tulikuwa sisi wenyewe, wenye kisomo chetu, tuliokula katika mlo mmoja kazi ya akina bibi ambao hatuwezi hata kuwahesabu. Leo mtaalamu akija na mashine yake akaniambia, "Lete punje moja tu ya shangazi yako nikuambie ukoo wake," sina. Na kesho mtu akitokea mbali na maharage yafananayo na yale, akasema ameyavumbua yeye, sitaweza kumbishia.

Wapo watakaoniambia kwamba maharage hata hivyo si ya kwetu, asili yake ni bara la Amerika, yaliletwa Afrika na meli za Wareno. Ni kweli. Lakini tangu karne ya 16 mpaka leo waliochagua punje ipi ipandwe tena kwenye ubaridi wa Rungwe na ipi kwenye joto la bondeni ni wakulima wa huku. Mgeni akikaa miaka 400, akazaa, akajukuu, huyo si mgeni tena.

Wapo pia watakaosema ninapinga mbegu za kisasa. La hasha. Mbegu ya mpunga ya SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002, imewajazia wakulima wengi maghala. Lakini wataalamu hawaumbi mbegu kutoka hewani. Mbegu mpya huzaliwa na mbegu za zamani, na ugonjwa mpya ukiingia, dawa yake hutafutwa katika mbegu za zamani. Ukichoma maktaba, usitegemee kitabu kipya.

Basi tufanyeje? Naona mambo matatu.

La kwanza ni la wataalamu na serikali. Benki ya taifa ya mbegu za mimea tunayo, iko Arusha. Kenya wanayo yao, iko Muguga. Benki hizi zisingoje mkulima apande basi na kibuyu chake. Zimfuate, zichukue mbegu, na pamoja na mbegu zichukue jina lake, kijiji chake, na yale aliyokuwa akiyasema shangazi. Kisha zipimwe alama zake. Tuna mpunga uitwao Supa, Kahogo, Shingo ya Mwali, Rangi Mbili, Kula na Bwana. Inawezekana majina mawili ni mbegu moja, na inawezekana jina moja ni mbegu tatu. Alama za vinasaba ndizo zitakazotuambia, na hapo tutajua tunacho nini na tumepoteza nini.

La pili ni la sheria. Sheria yetu ya haki za wagunduzi wa mbegu za mimea ya mwaka 2012 inamlinda aliyeleta mbegu mpya, iliyo tofauti, inayofanana punje kwa punje, isiyobadilika. Mbegu ya shangazi si mpya, na haifanani punje kwa punje. Kuchanganyika kwake ndiko kulikoiponya mvua inapozidi au inapokosa. Kwa hiyo anayelindwa ni mtaalamu, shangazi hayumo. Mei 2024 huko Geneva mataifa yalipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aseme mbegu au mmea aliotumia umetoka nchi gani. Ni hatua njema. Lakini mtu akisema uongo, tutamkamata kwa lipi kama hatuna kumbukumbu ya kwetu?

La tatu ni letu sisi wa mjini. Sisi ndio wenye kununua, na mkulima hupanda kile kinachonunuliwa. Tukiridhika na kipande cha boksi chenye neno moja, tutauziwa neno. Tuulize jina la mbegu. Na ukienda kijijini likizo, usirudi na ndizi na kuku tu. Kaa na bibi jikoni, uliza, andika kwenye daftari: jina, rangi, inapandwa lini, ni nzuri kwa nini. Daftari lile ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ni punje chache kavu kwenye chupa yenye kizibo.

Juzi nilipita tena kwa yule mama. Sikumwuliza kama mchele unatoka Kyela. Nilimwuliza, "Mama, hii ni mbegu gani?" Akanitazama kidogo, akasema, "Baba, miaka yote niliyokaa hapa hilo hakuna aliyeniuliza." Akamwita yule kijana wa meza ya pili, naye akamwita mpagazi mmoja mzee aliyekuwa akipumzika juu ya mkokoteni. Mzee akaja, akatia mkono guniani, akazitazama punje kiganjani, akatafuna moja.

"Hii ni Supa," akasema. Akatia mkono gunia la pili, akatafuna tena, akatikisa kichwa. "Hii nilikuwa naijua jina. Mama yangu alikuwa akiilima. Nimelisahau."

Ndugu wasikilizaji, mzee yule hakuwa na mashine, lakini alikuwa shahidi, na ushahidi wake umeanza kufutika. Tumwahi yeye na wenzake.